Mgongo wa Dereva Si Springi



Katika njia za Shinyanga, Kahama na Geita, gari likichoshwa na mashimo hupelekwa gereji. Springi hubadilishwa, boliti hukazwa. Lakini dereva aliyeketi tangu alfajiri, na kondakta aliyejikunja mlangoni mwa Hiace baada ya kupakia magunia ya mpunga, huambiwa wameze vidonge vya maumivu na kesho warudi kazini.

Twasikia watu wakisema, "Ni uzee huo," au, "Ni uvivu." Tunakataa! Uzee gani humpata kijana wa miaka 30? Kukaa saa nyingi, mtikisiko wa gari na kunyanyua mizigo huumiza kiuno, mabega na magoti. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyataja maradhi ya misuli na mifupa.

Kwetu chanzo kikubwa huitwa hesabu. Mwenye gari huidai kila jioni, abiria wawepo wasiwepo. Dereva naye huongeza safari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na siku 6 kwa juma. Hesabu haijui saa wala Dominika. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka Mfuko wa Fidia. Lakini asiye na mkataba atathibitishaje kwamba aliumia kazini? Ndiyo maana madereva walipogoma mwaka 2015, mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao.

Tunajua wenye magari watajibu: mafuta ni ghali, mkopo wa benki unasubiri. Ni kweli. Hata hivyo fedha ya springi hupatikana. Je, ya mtu ikosekane?

Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba si haki kumtumikisha mtu hadi mwili wake uchakae. Baadhi ya wenye magari tunasali nao. Tunawaambia kwa upendo, bila kuficha: sadaka iliyokamuliwa katika mgongo wa mwingine haimpendezi Mungu. Toeni mkataba wa maandishi, punguzeni hesabu, mpeni mtu siku yake ya kupumzika. Nasi abiria tuache kumhimiza dereva akimbize gari juu ya mashimo.