Kibra: deni la Keya

Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili, jirani yangu hapa Kawangware, alinijia majuzi na swali la insha: eleza matatizo ya kiutawala na ya kijeshi yaliyoikabili serikali ya Kiingereza nchini India. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya maasi ya 1857, na jinsi utawala ulivyotoka mikononi mwa Kampuni na kutiwa mikononi mwa Malkia mwaka uliofuata. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, haya yatuhusu nini sisi?"

Nilimwambia avuke Barabara ya Ngong, ateremke hadi Makina.

Mimi ni mtu wa lugha, si wa historia, na huanza na maneno. Neno letu "serikali" ni la Kiajemi, sarkar, nalo lilitumika India kwa maana hiyo hiyo. Kibra (Kibera ni matamshi ya wageni) ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kinubi chenyewe kilizaliwa katika kambi za askari: msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, lakini sarufi yake ilijengwa upya vinywani mwa watu wa makabila mbalimbali. Lugha ya namna hii huzaliwa pale ambapo dola imewakusanya watu mbali na kwao.

Aliyewakusanya ni Frederick Lugard, mzaliwa wa Madras, afisa wa jeshi la Kiingereza aliyewahi kutumikia India. Mwaka 1891, kule Kavalli karibu na Ziwa Albert, aliwachukua masalio ya askari wa Kisudani wa Emin Pasha. Kampuni iliyomtuma haikuwa na fedha za kuunda jeshi, na hapa palikuwa na jeshi tayari. Mishahara yao ilikuwa midogo, ilichelewa, na aghalabu ililipwa kwa nguo. Mwaka 1897, walipoamriwa kushika safari nyingine ndefu, baadhi yao waliasi huko Ravine. Waingereza watatu wakauawa Busoga. Askari wa kuyazima maasi hayo waliletwa kutoka wapi? India.

Waliobaki watiifu waliingia katika Keya, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Walipozeeka, badala ya pensheni walipewa ruhusa ya kukaa Kibra, kuanzia 1904. Mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Mzee aliyestaafu alipata kibali cha shamba, hati hakupata. Jeshi lilipowakabidhi maafisa wa raia ardhi hiyo mwaka 1928, maafisa hao, ambao hawakuahidi lolote, waliona pale tatizo la kuondolewa tu. Tume ya Carter, katika ripoti iliyochapishwa 1934, iliwahesabu wakazi hao kuwa wapangaji kwa hisani ya Serikali, ingawa ilikiri kwamba Serikali ilikuwa na wajibu kwao.

Wako wenzangu wasemao kwamba mjukuu wa aliyemtumikia mkoloni asidai kitu. Ni kweli kwamba askari hao hawakuwa malaika; Keya ndiyo iliyowapiga Wanandi mwaka 1905 na 1906. Lakini serikali iliyorithi ardhi mwaka 1963 ilirithi na ahadi zilizokuwa juu yake. Hapa Kawangware viwanja vingi vina hati, na kodi yangu namlipa mtu mwenye kiwanja chake. Kule Kibra mwenye nyumba na mpangaji wake, wote wawili, waliishi kwa miongo mingi bila karatasi. Wanubi walipata hati ya jamii mwaka 2017, ya ekari 288. Maelfu ya Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakisii waliojenga maisha yao pembeni mwa ekari hizo hawamo katika hati hiyo, nami sijamsikia kiongozi akilizungumza hilo isipokuwa wakati wa kura.

Mwanafunzi wangu amekwenda Makina mara mbili sasa, akiwa na daftari. Insha ya India haijakamilika, na mwalimu wake amempa hadi Ijumaa.