Taa za Darini na Swichi Yake

Sebuleni mwetu mlikuwa na taa sita za halojeni darini, kila moja wati 50, zikiongozwa na swichi ya kupunguzia mwanga. Zikiwaka kwa muda wa saa tano zilikula yuniti moja na nusu, na joto lake lilimtoa jasho mwenye kusoma chini yake.

Kijana wangu akanishauri tutie za LED za wati 6, zilizoandikwa kikashani kwamba zakubali kupunguzwa mwanga. Maana zisizoandikwa hivyo hazifai kwa swichi ya namna hiyo. Mwanga ulikuwa karibu ule ule, lakini tulipoupunguza taa zikapepesa na kuvuma kama nyuki. Nami, naona haya kusema, nikamwendea mwenye duka nikamwambia kaniuzia takataka mbele ya wateja wake.

Fundi alipoifungua swichi akaikuta imeandikwa: wati 60 hadi 400. Taa zetu zote sita jumla yake ni wati 36! Swichi ilikuwa yangoja mzigo ambao haupo tena. Akazima umeme wa nyumba, akatia swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, nazo zikatulia.

Basi atakaye kubadili na aisome swichi yake kabla ya kununua taa. Na kama taa zake ni za volti 12, transfoma iliyo juu ya dari nayo ina kiwango chake cha chini, fundi aikague.

Kesho yake nilirudi dukani kumtaka radhi yule bwana. Alicheka, akanivutia kiti.