Rekodi ya shule yetu iko kwa nani?

Hapa mashariki mwa Kongo majiwe ya msingi hayakosekani. Shule, kituo cha afya, vyoo vya kambi, nyumba za familia zilizokimbia vita. Viongozi wanakata utepe, tunapiga makofi, magari yanaondoka. Kisha manjanja yanaanza kuvuja, ukuta unapasuka, na hakuna mtu kijijini anayeweza kusema chuma cha kipimo gani kiliwekwa ndani ya nguzo, sima ilichanganywa namna gani, wala nani alisaini. Plani imebaki katika kompyuta ya injinia, na injinia alishamaliza kontra yake.

Nasema wazi: jengo la umma ambalo rekodi yake haikubaki kwa wakaaji bado halijakabidhiwa, hata kama utepe umekatwa.

Katika inchi nyingi kuna njia ya kujenga inayoitwa BIM. Si picha nzuri tu ya nyumba kwenye kompyuta. Kila kitu cha jengo, mlango, boriti, bomba, kinaandikwa humo pamoja na kipimo chake, kimetengenezwa kwa nini, kiko wapi. Ukibadilisha urefu wa ukuta, plani zote zinabadilika pamoja, na hesabu ya matofali nayo inabadilika. Mtu akisema alitumia sima mara mbili ya ile inayohitajika, hesabu inamuumbua.

Lakini BIM haina faida bila kitu cha pili, ambacho hakihitaji hata umeme: majina ya pamoja. Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 12006-2, inayoonyesha jinsi ya kupanga vitu vya ujenzi: jengo, chumba, sehemu kama ukuta au paa, mpaka bidhaa zenyewe. Waingereza wana orodha yao inayoitwa Uniclass, Wamarekani wanayo OmniClass. Kila kitu kina namba. Injinia, fundi, muuzaji na mkaguzi wakitaja namba ile, wote wanaongea juu ya kitu kimoja.

Na sisi? Shirika moja likiandika "abri", la pili likaandika "maison", la tatu likaandika "nyumba ya dharura", nani atajua kama ni kitu kimoja? Moja inaweza kuwa bâche na miti, nyingine mbao na manjanja. Mchanga unanunuliwa kwa lori, na lori hazilingani. Fundi anapima kwa karai, devi inaandikwa kwa meta za ujazo. Ndani ya mchanganyiko huo ndimo feza zinamopotelea, na mwizi hahitaji hata kujificha.

Inchi yetu ina mpango wa kujenga shule, vituo vya afya na ofisi katika teritware 145. Utekelezaji uligawiwa kwa watatu: PNUD, BCECO na CFEF. Mimi simshitaki yeyote hapa. Nauliza tu: watatu wakijenga aina moja ya shule bila orodha moja ya majina, mwananchi wa Kalehe atalinganishaje bei ya darasa lake na ile ya Rutshuru?

Watu wengine wanasema haya ni mambo ya inchi tajiri, sisi tunataka kwanza paa. Ninawaelewa, maana anayelala chini ya bâche hawezi kula kompyuta. Lakini maskini ndiye asiyeweza kulipia paa moja mara mbili. Na utajiri peke yake hauokoi mtu. Uingereza ilianza kudai BIM katika kazi za serkali kuu mwaka 2016. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell huko London, ambalo lilijengwa zamani na kufunikwa upya, liliungua na watu 72 wakafa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2018 ilisema habari za majengo marefu zitunzwe tangu kuchorwa mpaka wakati watu wanaishi ndani, na mwaka 2022 ikatoka sheria. Wao walijifunza kwa vifo. Sisi hatuna vya kutosha?

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto na kuchoma maelfu ya nyumba kaskazini mwa Goma. Mei 2023 maji na matope yalifunika Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Baada ya balaa kama hizo watu wanatumwa kuhesabu nyumba. Kama mmoja anaandika "imeharibika" kwa ufa, na mwingine anaandika neno hilo hilo kwa nyumba iliyotoweka kabisa, hesabu zao hazijumlishiki. Familia inayokosa msaada inakosa kwa sababu ya neno moja.

Wauzaji wa programu nao wasitudanganye kwamba dawa ni kununua leseni za bei kali. Kuna programu za bure kama FreeCAD, na kuna aina ya faili iliyo wazi, IFC, ambayo programu mbalimbali zinaweza kuisoma. Kazi ya kwanza ni orodha ya majina, kwa Kifaransa na Kiswahili, iliyochapwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye ofisi ya Urbanisme na kwa shefu wa kijiji.

Kazi ya pili ni kontra. Kila kontra ya jengo la umma iseme kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka faili iliyo wazi, na nakala ya karatasi, zimefika kwa mkuu wa shule au wa kituo cha afya.

Kazi ya tatu ni yenu, wakaaji na kamati za kambi. Kabla ya kupiga makofi siku ya utepe, ulizeni mambo matatu: vitu gani vimewekwa ndani, kwa kipimo gani, na rekodi inabaki wapi? Msipojibiwa, makofi yangoje.