Fainali ya nyumbani ikipelekwa ng'ambo, nani anabaki nje?

Miaka minne mfululizo, kuanzia 2023 hadi 2026, fainali ya Supercopa ya Hispania imewakutanisha Barcelona na Real Madrid. Mara zote nne imechezwa Saudi Arabia, ama Riyadh ama Jeddah. Kila Januari ikifika, simu za kipindi chetu cha michezo huleta ubishi uleule: kombe la Hispania, timu za Hispania, waamuzi wa Hispania, iweje mechi ichezwe Uarabuni?

Wapo wanaosema haiwahusu. Msikilizaji mmoja alituambia kwamba kwake Madrid na Jeddah ni kulekule tu, kote hawezi kufika, na kwenye banda umiza kiingilio hakibadiliki. Tena saa za Jeddah ni sawa na zetu. Hoja hiyo siidharau. Anayetazama bandani hajapoteza kitu. Aliyepoteza ni mwingine, na ili tumwone inabidi turudi nyuma kidogo.

Zamani Supercopa ilikuwa mechi mbili kati ya bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la Mfalme, kila mmoja akicheza mara moja nyumbani kwake. Mwaka 2018 ikawa mechi moja, tena Tangier, Morocco, ambako Barcelona iliifunga Sevilla 2-1. Januari 2020 ikaja na sura mpya: timu nne, Jeddah. Tangu hapo imerudi Hispania mara moja tu, mwaka 2021, kwa sababu ya Korona. Vyombo vya habari vya huko viliandika kuwa Saudi Arabia inalipa takriban euro milioni 40 kwa kila mashindano, na mkataba unakwenda hadi 2029. Kampuni iliyounganisha dili hilo ni ya Gerard Piqué, ambaye wakati huo alikuwa bado beki wa Barcelona, yaani mchezaji wa kombe hilohilo. Mwaka 2022 mazungumzo yake na rais wa shirikisho, Luis Rubiales, yalivuja gazetini. Piqué alisema hakuvunja sheria yoyote. Sawa, lakini shabiki wa kawaida haoni vizuri mchezaji akiwa pia dalali wa mechi zake mwenyewe.

Shirikisho lao lina jibu moja ambalo sisi wa mikoani tusilipite haraka. Linasema fedha hizo zinasaidia timu za madaraja ya chini na soka la wanawake. Kama umewahi kucheza kwenye kiwanja kisicho na nyavu, goli ni miti miwili, unaelewa kwa nini mtu anaweza kukubali kuuza mechi mbili tatu kwa mwaka ili vijana wapate mipira na viatu. Mimi mwenyewe ningeweza kukubali, kwa sharti kwamba mkataba uwekwe wazi na kila mtu aone shilingi ngapi zimefika wapi. Ila humo ndani ya mgawo, Barcelona na Real Madrid huchukua fungu kubwa kuliko wenzao. Mallorca walikwenda Jeddah Januari 2025 wakapata sehemu ndogo sana. Na baada ya kufungwa 3-0 na Real Madrid kwenye nusu fainali, wanawake waliokuwa kwenye msafara wao, wakiwemo wake za wachezaji, walilalamika kwamba walisukumwa, wakashikwashikwa na kupigwa picha za simu bila ridhaa wakati wakitoka uwanjani.

Hispania haiko peke yake. Waitaliano walipeleka Supercoppa yao Washington mwaka 1993 na Tripoli mwaka 2002. Wafaransa wamezunguka zaidi, hata Libreville, Gabon, mwaka 2013, PSG walipoifunga Bordeaux 2-1.

Misri ndiyo inayotufundisha kwamba jambo hili halina jibu moja. Baada ya maafa ya Port Said Februari 2012, yaliyoua watu zaidi ya 70, mashabiki wa Misri walifungiwa nje ya viwanja vyao kwa muda mrefu. Mwaka 2015 Al Ahly na Zamalek wakaenda kucheza kombe lao la Super huko Al Ain, Falme za Kiarabu, Ahly akashinda 3-2. Falme hizo zina Wamisri wengi sana wanaofanya kazi. Kwa hiyo mechi iliyohamishwa ilipata watu wake, wakati nyumbani ingechezwa mbele ya viti vitupu. Hapo kuhama kulikuwa na maana.

Uturuki ilikuwa kinyume chake. Desemba 29, 2023, Galatasaray na Fenerbahçe walikuwa Riyadh tayari kwa fainali ya Super Cup, mwaka uleule Jamhuri yao ilipotimiza miaka 100. Wachezaji walitaka kuingia na fulana za Atatürk, mwasisi wa taifa hilo, pamoja na bango lenye maneno yake. Waandaaji wa Saudia walisema hayo hayakuwemo kwenye makubaliano. Mechi haikuchezwa, timu zikapanda ndege kurudi. Ukicheza kwa mtu, mwenye uwanja ndiye anayesema nini kivaliwe.

Halafu kuna Villarreal, mji wa watu wapatao 50,000. Ligi ya Hispania ilipanga mechi ya nyumbani ya Villarreal dhidi ya Barcelona ichezwe Miami, Marekani, Desemba 20, 2025. Hiyo ilikuwa mechi ya ligi yenyewe, ya pointi tatu. Mashabiki walipinga. Oktoba, wachezaji wa ligi nzima nao wakagoma kwa namna yao: kipyenga kikipulizwa, wanasimama tuli sekunde 15. Siku chache baadaye mpango ukafutwa.

Sasa turudi kwetu, maana wapo wasikilizaji wanaotaka Ngao ya Jamii ipelekwe Dubai au Muscat. Wanasema Watanzania wako huko, na wadhamini wako huko. Kwa kipimo cha Misri, Muscat si wazo la kuchekwa: Waswahili wa Oman ni wengi, na wengine hawajaiona Simba wala Yanga kwa macho tangu wazaliwe. Ngao ni mechi ya kufungua msimu. Ikienda mara moja, na hesabu ikasomwa hadharani, sitalia.

Fainali ya Kombe la Shirikisho ni habari nyingine. Kombe hilo limefanya kitu ambacho Wahispania wamekiacha, limewafuata watu mikoani. Mwaka 2019 lilikuwa Lindi, Azam wakiifunga Lipuli 1-0. Mwaka 2021 likawa Kigoma, Simba na Yanga pale Uwanja wa Lake Tanganyika. Arusha ikalipata 2022, Tanga 2023. Mwaka 2024 na 2025 likavuka maji kwenda Zanzibar, na hapo napo palizuka ubishi, maana Zanzibar ina ligi yake na shirikisho lake, na mtu wa bara alihitaji nauli ya boti juu ya nauli ya basi. Lakini mgeni aliyelala Kigoma au Unguja kwa ajili ya mechi alilipa gesti, akala kwa mama lishe, akapanda bodaboda. Fainali ikichezwa Dubai, hela hiyo inabaki kwa hoteli za Dubai.

Mwaka 2020 fainali ilikuwa Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela, Simba 2, Namungo 1. Namungo ni timu ya Ruangwa. Kutoka Ruangwa hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Ni mbali na inachosha, lakini mkulima wa korosho anaweza kuchanga na wenzake wakakodi basi. Hakuulizwa pasipoti.