MAONI: Kabla ya kuuza kroshia yako, hesabu masaa

Ukifika nyumbani leo jioni, hebu angalia kochi la mamako. Nazungumzia vile vitambaa. Vile vyeupe au vya rangi ya maziwa vilivyotandazwa kwenye mgongo na mikono ya viti, kingine juu ya meza, kingine juu ya redio iliyokufa zamani. Umevikalia, umevikunja, umegombezwa kwa sababu yavyo. Sasa jiulize swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza hadi nilipofika miaka 23: ni nani alivifuma, vilimchukua masaa mangapi, na alilipwa nini?

Nilimuuliza mama. Akacheka. "Kulipwa na nani?"

Seti ya sebule yetu ilimchukua miezi minne, akifuma usiku baada ya kazi, sisi tukiwa tumelala. Seti ya pili alimfumia jirani aliyekuwa anaoza msichana wake. Jirani alileta uzi, na siku ya sherehe akamshukuru mbele ya watu. Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo.

Nakuandikia haya kwa sababu kroshia imerudi mjini, na imerudi kwa nguvu. Ukifungua simu utaona topu za kamba, kofia, mikoba, sketi za kwenda nazo Diani. Na nyuma ya kila video kuna mtu anayekuambia maneno yale yale: nunua sindano moja na uzi, kaa kwenu, jiajiri, uwe bosi wako mwenyewe.

Mimi niliwaamini. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi kwetu Kayole na simu, nguo zangu, na muda mwingi kuliko pesa. Mama akanipa sindano yake ya kroshia, ile yenye kikulabu kidogo kwenye ncha. Ndiyo, mimi ni mwanamume, na ndiyo, wasee wa base walinicheka. Waliacha kunicheka siku ya kwanza mteja aliponitumia pesa kwa M-Pesa. Kumbe wangeendelea tu kunicheka, kwa sababu sikuwa nimepiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Topu hiyo ya kwanza niliyouza ilikula mipira mitatu ya uzi wa pamba, gramu 100 kila mmoja, Sh400 kila mmoja. Hiyo ni Sh1,200. Niliiuza Sh2,000 na nikajiona tajiri. Boda wa kuipeleka akachukua Sh150. Nikabaki na Sh650. Kuifuma, kuifumua nilipokosea shingo, na kuifuma tena kulinichukua masaa 14.

Gawanya mwenyewe. Ni kama Sh46 kwa saa.

Kijana anayebeba mawe mjengoni hapa mtaani kwetu analipwa Sh600 kwa siku ya masaa manane. Hiyo ni Sh75 kwa saa, na ukimuuliza atakuambia ananyonywa. Mimi bosi wangu mwenyewe nilikuwa najilipa pungufu ya hapo. Ingekuwa ni mwajiri mwingine ananifanyia hivyo, ningemwanika mtandaoni.

Nikajaribu kupandisha bei. Mteja wa pili nilimtajia Sh2,400, ambayo ukipiga hesabu ni uzi, boda na zile Sh75 za mjengo tu. Akanijibu, "Kaka, hiyo ni bei gani? Gikomba napata ya mia mbili."

Na ni kweli, atapata. Lakini hapa ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu kuna kitu wengi wetu hatukijui. Sweta la kawaida linafumwa na mashine. Fulana inafumwa na mashine. Kroshia siyo. Mpaka leo viwanda havina mashine ya kutengeneza kroshia halisi kwa wingi. Kuna mashine zinazotoa vitambaa vinavyofanana nayo, lakini kroshia yenyewe, ile ambayo kila fundo linavutwa kupitia fundo lingine kwa kikulabu, ni kazi ya mkono. Kwa hivyo ile topu ya mitumba ya mia mbili, kama kweli ni kroshia, kuna mtu mahali fulani aliketi akaifuma, fundo kwa fundo, kama nilivyoketi mimi. Bei ya Gikomba haisemi kazi yake ilikuwa ndogo. Inasema tu kwamba nguo imepita mikononi mwa watu wengi sana hadi yeye amesahaulika.

Na huu wimbo wa "fuma ujikomboe" si mpya. Miaka ya 1840 huko Ireland, viazi viliozea shambani na njaa ikaua watu wapatao milioni moja. Watawa na wanawake wenye uwezo wakawafundisha maskini kufuma lesi kwa kroshia, ili iuzwe kwa matajiri. Ilisaidia, tusikatae. Kuna familia zilizopata chakula na kodi ya nyumba kutokana na hiyo sindano, na wengine nauli ya meli kwenda Marekani. Lakini waliovaa lesi ile siyo waliokuwa wanakufa njaa. Sindano iliwashikilia watu wasizame. Haikuondoa kilichowazamisha.

Kwa hivyo ukisikia mkubwa amesimama jukwaani akikuambia kazi hakuna, fuma vikapu, msikilize kwa makini. Huyo anakuachia shida yake uibebe wewe.

Je, nakuambia uache? Hapana. Bado nafuma, hata leo asubuhi nimefuma. Ninachokuambia ni ufume ukijua unachofanya, na mimi nimegundua kuna vitu vya kujifumia na kuna vitu vya kuuza. Wengi tunaumia kwa sababu tunavichanganya.

Anza na vya kujifumia. Kitambaa cha kuoshea vyombo kinachukua gramu 40 hivi za uzi na masaa mawili ukiwa bado unajifunza. Uzi pekee ni Sh160. Hakuna mtu atakulipa Sh300 kwa kitambaa cha kuoshea vyombo, na usipoteze wakati kumtafuta. Lakini ukiwa nacho jikoni kwako, unakifua, unakianika, unakitumia tena mwezi baada ya mwezi. Kifuko cha sabuni ni hivyo hivyo: unatia vile vipande vidogo vinavyobaki, unakaza kamba, na sabuni inaisha kabisa badala ya kuteleza kwenye mfereji. Vidude vya duara vya kupangusia uso vinamalizwa na mabaki ya uzi. Halafu kuna mfuko wa sokoni. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya, na adhabu ni faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Bado kila wiki tunanunua ile mifuko myembamba ya dukani, inapasuka na nyanya zikiwa ndani. Wa pamba uliofumwa kama wavu unaingia kwenye mfuko wa suruali na unabeba sukuma, viazi na unga.

Mbona nasisitiza pamba? Kwa sababu uzi mwingi wa bei rahisi madukani ni akriliki, na akriliki ni plastiki. Ukifuma nayo kitambaa cha kuepulia sufuria, siku moja kitayeyukia mkononi mwako. Pamba haiyeyuki. Inanyonya maji, kwa hivyo inaosha na kupangusa vizuri, na inanyonya jasho, kwa hivyo topu ya pamba unaweza kuivaa Mombasa saa sita mchana bila kujuta. Ila ina tabia zake. Haijivuti na kurudi kama sufu, ikilegea, imelegea. Fuma kiraba cha sentimita 10 kwanza, kioshe, kikauke, ndipo upime, maana kinaweza kurudi ndani kidogo na topu yako ikawa ya mdogo wako. Na usianike nguo ya kroshia kwenye kamba ikiwa imelowa. Pamba ikishika maji inakuwa nzito, itavutika mpaka topu iwe gauni. Itandaze juu ya taulo ikauke ikiwa imelala.

Sindano ya milimita 3.5 au 4 inatosha kuanzia kwa uzi wa unene wa wastani. Wiki ya kwanza mikono itakuuma na kingo zitaenda upande. Hesabu mafundo mwisho wa kila mstari. Ukiona umetoka 30 ukafika 27, fumua. Kufumua siyo hasara, uzi wa pamba unarudi kwenye mpira na unafumwa tena.

Sasa, vya kuuza. Hapa ndipo nakuomba uwe mgumu.

Kwanza, andika masaa. Usiseme "niliifuma wikendi." Wikendi ni masaa mangapi? Andika ulipoanza na ulipoacha, hata kama ni dakika 40 ndani ya matatu. Pili, jipangie malipo ya saa moja, na usikubali yashuke chini ya yale ya mjengo. Tatu, chagua kitu ambacho masaa yake yanalipika. Mfuko wangu wa sokoni unakula gramu 150, yaani Sh600, na masaa sita. Kwa Sh75 kila saa hiyo ni Sh450 zaidi. Jumla Sh1,050. Nauuza Sh1,200 na mteja analipa boda. Siyo utajiri, lakini hainitoi jasho bure. Topu naifuma kwa oda tu, na sianzi kabla pesa ya uzi haijaingia. Kofia ya mtoto ndiyo, blanketi la kitanda cha watu wawili hapana, kwa sababu bei yake halisi hakuna mtu mtaani kwetu ataitoa, na bei atakayoitoa mimi sitaikubali.

Nne, mteja akisema ni ghali, usimtukane na usimlilie. Mwambie masaa. Nilianza kuandika kwenye karatasi ndogo ya kila bidhaa: "Masaa 6, mkono mmoja." Wapo wanaoenda zao. Lakini wapo wanaosoma, wananyamaza, halafu wanalipa.

Na wewe ambaye hufumi, unayenunua tu: huna lazima ya kununua. Kama mfukoni hakuna, hakuna, sote tunaijua hiyo hali. Lakini usimwambie mfumaji ashushe bei kwa sababu "ni uzi tu" au "si unakaa tu nyumbani." Fundi wa mabomba humwambii "ni paipu tu." Fundi wa simu anakubadilishia kioo kwa dakika 20 na unamlipa bila kumuuliza kioo kinauzwa ngapi.

Kuna na upande wa wakubwa. Lebo nyingi ninazosoma kwenye uzi ninaonunua zimeandikwa Uturuki, China au India. Hii ni nchi inayolima pamba, kuanzia Busia na Siaya hadi Kitui na Lamu, lakini viwanda vyetu vya nguo viliporomoka miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikajaa. Rivatex kule Eldoret ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikazinduliwa upya 2019, kwa hivyo haiwezi kusemwa kwamba kufufua hakuwezekani. Anayetaka vijana wajiajiri kwa sindano, asituletee semina nyingine yenye chai na mandazi. Atuletee uzi wa pamba wa hapa nyumbani, kwa bei inayomfaa mkulima na inayotufaa sisi.

Mwezi uliopita nilipata oda ya vitambaa vitano vya meza, vile vya zamani vya uzi mwembamba. Mimi sijui kuvifuma vizuri, kwa hivyo nilimpa mama kazi hiyo. Mteja aliniletea uzi. Nikaweka daftari na kalamu kando ya kiti chake, nikamwambia aandike kila anapoanza na kila anapoacha. Alilalamika. Akasema yeye siyo karani. Lakini aliandika, na tulipojumlisha tukapata masaa 61.

Nilimtumia Sh4,575. Akaniita kutoka chumba cha pili kuniuliza kama nimekosea namba.

Nikamwambia sijakosea. Akaja sebuleni, akashika daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama. Kisha akaangalia vile vitambaa vya kochi, vya ile miezi minne. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Wewe ukienda dukani kununua uzi, pitia kwanza kwenye kibanda ununue daftari dogo. Andika tarehe. Andika saa uliyoanza.