Umeme wa samadi upo kweli, lakini usiuze nguruwe kuununua

Leo sina ratiba ya chanjo wala bei ya chakula cha kuku. Nataka kusema maoni yangu kuhusu umeme wa samadi, maana mwezi huu nimeulizwa habari zake kila kijiji ninachofika.

Kilichonisukuma kuandika ni simu ya mama mmoja wa huku Mbozi. Ametumiwa video ya ndoo ya samadi yenye waya mbili na taa ndogo inayowaka. Aliyemtumia anataka malipo ya awali ili amletee mtambo wa nyumba nzima. Mama alikuwa ameshapata mteja wa nguruwe wake mmoja. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, huyo nguruwe mrudishe bandani kwanza, kisha tuzungumze."

Ukweli ni huu: teknolojia yenyewe si uongo. Wapo bakteria ambao wakila uchafu mahali pasipo na hewa huachia chaji ya umeme. Ukiwawekea kipande cha kaboni ndani ya tope, na kingine upande wenye hewa, ukaviunganisha kwa waya, umeme kidogo hupita. Mwingereza Michael Potter alilionyesha jambo hili mwaka 1911. Hata jirani zetu wameliona: mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Bristol, Uingereza, walifunga mfumo wa namna hii katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda. Mkojo wa wanafunzi ukawa unawasha taa za vyoo usiku. Kwa binti anayeogopa kwenda chooni gizani, hilo si jambo dogo.

Lakini angalia kilichowaka ni nini. Ni taa za choo, si jiko, si friji, si mashine ya kukoboa. Seli moja ya bakteria hutoa chini ya volti 1, mara nyingi nusu yake, na mkondo wake ni dhaifu. Chaja ya simu ya kawaida inatoa volti 5. Ndiyo maana inabidi kuunganisha seli nyingi kupata mwanga mdogo, na kaboni hizo zina gharama. Kwa mwenye nguruwe 6, leo hii, sola ndogo itamwashia taa kwa urahisi zaidi.

Tena kuna hila ya kuijua. Ukichomeka msumari wa bati na waya wa shaba kwenye tope la samadi, utapata umeme hapohapo. Huo hautoki kwa bakteria. Unatoka kwenye zinki iliyopakwa kwenye msumari, inayolika kama ndani ya betri, na ikiisha taa inazima. Hata kiazi kingefanya hivyo. Kwa hiyo anayekuuzia muulize mambo matatu: vipande vilivyo ndani ni vya nini? Taa ya nani imewaka hivyo kwa miezi sita? Na nani atakuja kutengeneza ikiharibika? Akisitasita, funga pochi.

Maoni yangu ni kwamba tunakodolea macho kitaa kidogo huku mali yenyewe inapotea zizini. Ile harufu kali inayowasha macho ukiingia bandani asubuhi ni nitrojeni inayopaa hewani, nitrojeni ileile unayoinunua kwenye mfuko wa urea. Mvua ikinyesha kwenye lundo lililo wazi, maji meusi yanateremsha virutubisho hadi mtoni, na watu wa bondeni wanayachota.

Kama una ng'ombe 3 wanaokaa bandani muda wote, una njia iliyokwisha kujaribiwa nchini mwetu: biogesi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeifanyia kazi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa mitambo ya biogesi ya majumbani. Samadi kilo 30 kwa siku, ukichanganya na maji kiasi hichohicho, inatoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi, yaani saa mbili au zaidi za kupika kwa jiko moja. Samadi ya nguruwe nayo inafaa. Tope linalotoka bado lina nitrojeni, fosforasi na potasiamu, nalo linakwenda kwenye migomba na kahawa.

Sitakuficha: biogesi nayo ina masharti. Kama maji unayafuata mbali, au ng'ombe wanachunga mchana kutwa kama wengi wa Momba, usijenge. Mtambo usiolishwa kila siku hufa, na utabaki na shimo la saruji.

Wewe wa Momba, kazi yako ni rahisi zaidi. Rundika samadi kivulini, changanya na mabua, mwagia maji kidogo, funika kwa nyasi au turubai, geuza kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi na haina harufu. Weka konzi mbili kwa kila shimo la mahindi. Na ndugu mwenye lori, mazizi ya Momba yamejaa samadi wakati wakulima wa kahawa wa Mbozi wanaitafuta. Biashara ndiyo hiyo.

Nimalizie na sisi serikalini. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Halmashauri zetu zikipata fedha, zisomeshe mafundi wa biogesi wa kila kata kabla ya kununua mtambo wowote wa maonyesho. Umeme wa bakteria waachiwe watafiti, na wakija Songwe niko tayari kuwapeleka kwenye machinjio na mabanda makubwa ya nguruwe, kwenye maji machafu mepesi ambayo biogesi haiyawezi vizuri. Huko bakteria hao huyasafisha maji huku wakitoa umeme wao mdogo. Hapo naona faida siku za mbele.

Yule mama hakuuza. Jumamosi nakwenda kwake tupime samadi ya siku moja kwa ndoo, tuone inatosha mtambo au lundo. Nawe pima ya kwako kabla hujampa mtu senti tano.