Deraya Vitabuni na Deraya Mizanini

Katika maktaba za shule aghalabu huwako rafu ya vitabu ambavyo haviazimwi: ensaiklopidia na vitabu vingine vya rejea, vingi vyao zawadi kutoka nchi za mbali, vilivyokwisha tumiwa na wenyewe kwa miaka mingi. Mwanafunzi atakaye habari za majeshi ya Ulaya ya Zama za Kati huenda kwenye rafu hiyo. Huko aweza kusoma kwamba naiti, yaani askari mpanda farasi wa tabaka la makabaila, alivaa deraya nzito mno, hata akianguka hakuweza kuinuka, na kwamba alipandishwa farasini kwa winchi.

Habari hiyo si kweli. Deraya kamili ya mabamba ya chuma, ile ya vitani ya karne ya 15, ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, nao ulienezwa mwilini kote kwa mikanda na bawaba. Askari wa miguu wa siku hizi hubeba zaidi ya hapo. Upanga wa mkono mmoja aghalabu haukufika kilo moja na nusu. Winchi, kwa upande wake, ilionyeshwa katika filamu ya Henry V iliyotolewa Uingereza mwaka 1944, na watu wengi waliamini walichokiona. Ziko pia deraya za michezo ya mikuki, ambazo zilikuwa nzito kuliko za vitani kwa sababu mchezaji hakuhitaji kutembea nazo. Mwandishi asiyetenganisha aina hizo mbili hupotosha wasomaji wake wote.

Kosa lenyewe si kubwa sana. Lililo kubwa ni njia iliyolipitisha, na hapo ndipo somo la historia linapohusiana na somo la sayansi. Mwaka 1824 Samuel Rush Meyrick, Mwingereza aliyekusanya silaha za kale, alitoa kitabu cha majuzuu matatu juu ya deraya. Kilikuwa kazi kubwa, na haifai kumdharau mtu aliyeanza palipokuwa hapana njia. Lakini Meyrick alitazama michoro ya kale, kama ile ya kitambaa cha Bayeux kilichotariziwa vita vya mwaka 1066, akaona mavazi ya askari mengine yana viduara, mengine mistari iliyokatizana, mengine mifano ya utepe. Kila namna ya mchoro akaifanya aina ya deraya, akaipa jina lake. Waandishi waliomfuata waliyanakili majina hayo kwa zaidi ya miaka mia, kila mmoja akimtegemea aliyemtangulia.

Deraya zilizobaki hazikubaliani na orodha hiyo. Deraya ya pete ya Ulaya, kama ionekanavyo katika makumbusho, ni pete ndogo za chuma zilizosukwa, kila pete ikipita ndani ya pete nyingine nne. Mtarizi mwenye sindano na uzi hawezi kushona maelfu ya pete hizo kwenye umbo dogo la askari. Hutia alama tu, na kila fundi ana alama yake. Anayesoma alama kana kwamba ni picha ya kamera hujitungia deraya ambazo hakuna mhunzi aliyepata kuzifua.

Basi kitabu bora cha rejea ni kile kinachoeleza kimejuaje kinachokisema. Mfano mmoja wapasa kutajwa kwa urefu. Mwaka 1361 wakulima wa kisiwa cha Gotland walipigana na jeshi la mfalme wa Denmark nje ya mji wa Visby, wakashindwa. Maiti zaidi ya 1,100 zilizikwa katika makaburi ya pamoja, baadhi zikiwa bado na deraya. Makaburi hayo yalifukuliwa katika karne ya 20, na Bengt Thordeman na wenzake wakayachapisha matokeo katika majuzuu mawili, mwaka 1939 na 1940. Humo msomaji huona mabamba yenyewe, jinsi yalivyopigwa misumari ndani ya makoti, na mifupa yenye majeraha yaliyohesabiwa, mengi yao miguuni chini ya goti. Asiyeafikiana na Thordeman aweza kuhesabu upya.

Uchunguzi haukuishia hapo. Alan Williams alikata vipande vidogo vya deraya kwa mamia, akavitazama kwa hadubini, na mwaka 2003 akaonyesha kwamba mabamba mawili yafananayo machoni huenda moja likawa chuma laini na jingine chuma cha pua kilichozamishwa majini kingali chekundu kwa moto. Hilo halionekani katika picha yoyote, hata iwe nzuri namna gani.

Wala isidhaniwe kwamba kitabu kipya hakikosei. Baada ya hadithi ya winchi kukataliwa, wako waliovuka mpaka upande wa pili wakaandika kwamba deraya haikuwa mzigo kabisa. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza waliwavisha watu deraya za kuigiza, wakawatembeza na kuwakimbiza juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, huku wakipima pumzi zao. Nguvu iliyotumika ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya mtu asiyevaa, kwa sababu chuma cha miguuni huinuliwa kila hatua, tofauti na mzigo wa mgongoni; tena kifua kilichobanwa hakivuti pumzi ndefu.

Vitabu vya zamani visitupwe. Mwalimu na aandike mwaka wa kuchapwa juu ya jalada kwa tarakimu kubwa, kisha awape wanafunzi ukurasa mmoja wa zamani na mmoja wa sasa juu ya jambo lile lile, awaulize ni upi uliotaja kitu kilichopimwa. Mizani ya maabara nayo iko karibu. Mfuko wa mchanga wa kilo 20 ukibebwa mgongoni kuzunguka uwanja, kisha uzito ule ule ukagawanywa katika mifuko midogo na kufungwa mikononi, kifuani na miguuni, darasa litakuwa na la kusema juu ya naiti ambalo ensaiklopidia haikulisema.